Tangawizi ya gesi nyumbani: ununue chombo gani?

Anayetaka kujifunza kutengeneza tangawizi ya gesi mwenyewe huanza kwa kuulizia hamira. Hamira haina shida. Ile ile ya mkate wa kumimina inatosha, tena kidogo tu. Suala ni chombo, na hapa Unguja na Pemba suala hilo ni zito kuliko kule zilikoandikwa resipe nyingi tunazozisoma, kwa sababu ya joto letu.

Kwanza hesabu yake. Hamira hula sukari ikatoa gesi ya kaboni dioksaidi na kileo, karibu nusu kwa nusu kwa uzito. Wanaopika bia majumbani huko Ulaya na Marekani huiacha ichache mpaka sukari yote iishe, ndipo wanapoitia kwenye chupa na kuongeza gramu 6 hadi 8 za sukari kwa lita. Bia ina gesi yake kidogo tayari, na kiasi hicho kinaikamilisha. Tangawizi yetu tunaitaka tamu, kwa hiyo siku ya kuziba chupa lita moja ina gramu 80 mpaka 100. Hata tukihesabu kwa gesi ya soda, ambayo ni nyingi kuliko ya bia, ni mara tano au sita ya kinachohitajika. Hamira haijui kama gesi imetosha. Itaendelea kula mpaka sukari iishe, au baridi iilaze, au chombo kipasuke. Na wakati bia nyingi za nyumbani kule huchacha kwenye nyuzi 20 hivi, chumba cha Mjini mwezi wa Februari kinafika nyuzi 30 na kupita. Kinachowachukua wiki wenzetu, hapa ni siku moja au mbili.

Hesabu hiyo hiyo inahusu kileo. Tangawizi iliyopata gesi ya kutosha ikatiwa friji mara moja huwa na kileo cha karibu nusu asilimia mpaka asilimia 1. Ikisahauliwa mpaka sukari yote iliwe, inafika kama asilimia 6, yaani bia kamili. Nyumba isiyotaka hata tone, na kwetu ndizo nyumba nyingi, isinunue chochote katika hivi ninavyovipanga. Ichemshe shira nzito ya tangawizi, ndimu na karafuu mbili tatu, ipoe, kisha ichanganywe na soda maji ndani ya gilasi wakati wa kunywa. Hivyo ndivyo hata soda ya tangawizi ya kiwandani inavyopata gesi yake: hutiwa kwa mashine, hamira haihusiki. Kwa futari mimi ningechagua njia hii bila ya kufikiri mara mbili.

Wanaoendelea, mpangilio wangu ni huu, kuanzia bora.

1. Chupa ya soda ya plastiki, lita 1 au 1.5

Wengi wataona haya kuisifu chupa ya kuokota, lakini hakuna kinachoishinda kwa anayeanza. Imetengenezwa kwa kazi hii hasa: soda ikikaa kwenye joto la nyuzi 30, shinikizo ndani ya chupa yake ni kubwa kuliko la tairi la gari, na chupa inahimili. La muhimu zaidi, inakwambia hali yake. Ibonyeze kwa kidole gumba asubuhi na jioni. Ikiwa bado inabonyea, hamira haijamaliza kazi. Ikiwa ngumu kama ile mpya ya dukani, tia friji saa hiyo hiyo na unywe ndani ya siku chache. Ikipitiliza, legeza kizibo pole pole mpaka isikike ikipumua, ukaze tena.

Tazama kitako chake. Chupa ya kinywaji chenye gesi ina vijiguu vitano vilivyotuna chini na plastiki yake ni nene. Chupa ya maji ya kunywa ni nyembamba, haikukusudiwa gesi, usiitumie hata kama zimejaa nyumbani. Kataa pia iliyowahi kutiwa mafuta ya taa au dawa ya kufulia, na ile iliyokaa juani mpaka ikafifia. Baada ya harusi au sikukuu utazipata za bure. Ukinunua tupu, hakikisha inakuja na kizibo chake na kinakaza vizuri.

Kasoro yake ni usafi. Plastiki hii hulainika kwenye nyuzi 70 hivi, kwa hiyo maji yanayochemka yataipinda. Ioshe kwa sabuni, isuuze kwa jiki kijiko kimoja cha chakula ndani ya lita 4 za maji, halafu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Ndani ikipata mikwaruzo au ukungu, itupe. Na wakati wa kujaza, bakisha nafasi ya vidole vitatu juu.

2. Ndoo ya plastiki ya chakula, lita 10, yenye mfuniko

Hii inunuliwe na mwenye kutaka kutengeneza nyingi kwa pamoja, si badala ya chupa bali kabla yake. Tangawizi inakaa ndani ya ndoo usiku mmoja, mashapo yanatua chini, kisha unaihamishia kwenye chupa za plastiki ipate gesi. Mfuniko usibane kabisa. Fundi yeyote anaweza kukutobolea tundu dogo la kupitisha mpira mwembamba, ncha ya pili ukaitia ndani ya gilasi ya maji: gesi inatoka, inzi hawaingii.

Geuza ndoo utazame chini. Alama ya pembe tatu yenye namba 2 au 5, pamoja na picha ya gilasi na uma, ndiyo unayoitaka. Ndoo za rangi ya nyumba ziache hata zikioshwa namna gani. Dumu la mafuta ya kula nalo, ambalo nusu ya mji tunachotea maji, halifai hapa: harufu ya mafuta yaliyochina haitoki, na shingo yake haipitishi mkono wa kusugua. Zipo ndoo zenye kibomba chini, ni raha kumiminia, ila kibomba hicho lazima kifunguliwe na kuoshwa kila mara, maana uchafu hujificha humo.

3. Sufuria ya stenlesi yenye mfuniko

Inachemsha, inapoza na inaweza kulaza tangawizi usiku mmoja mahali pa ndoo. Ni ghali, lakini inadumu na inavumilia maji ya moto. Alumini inatosha kwa kuchemsha tu. Usiiachie ndimu ikae humo mpaka asubuhi, asidi inaila.

4. Chupa ya gilasi yenye kizibo cha waya

Ndiyo inayopigwa picha, na ndiyo ninayowakataza wanaoanza. Gilasi haibonyei, kwa hiyo haikwambii kitu mpaka inapopasuka, na ikipasuka inarusha vipande. Nyingi zinazouzwa kwenye maduka ya vyombo ni za mapambo au za kutilia mafuta. Za mraba ndizo mbaya zaidi, pembe zake ni dhaifu.

Tena usalama wake wote unategemea friji, na friji inategemea umeme. Unguja tuliwahi kukaa bila umeme tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, ulipoharibika waya wa chini ya bahari kutoka Bara. Kukatika kwa saa chache ni kawaida zaidi, lakini hamira iliyolala huamka joto linaporudi, na usiku mmoja unaweza kutosha. Plastiki utaiona imevimba asubuhi. Gilasi utaisikia.

Ukishikilia kuinunua, chukua ya duara, nene, iliyoandikwa kuwa ni ya vinywaji vyenye gesi. Kila ukijaza, jaza na chupa moja ya plastiki kutoka pishi hilo hilo, uziweke pamoja. Ya plastiki ikiwa ngumu, zote ziende friji. Na zifunike kitambaa kizito wakati wa kuzihamisha.

5. Mtungi

Mtungi ni mzuri kwa maji ya kunywa kwa sababu udongo wake unavuja jasho, na jasho hilo ndilo linalopoza. Vitundu hivyo hivyo vinatoa gesi na kuficha vijidudu vya pishi la jana. Utapata kitu kichachu kisicho na gesi. Uache na maji yake.

Pesa zikibaki, ongeza mizani ndogo ya jikoni inayopima gramu moja moja, kwa sababu "kikombe cha sukari" cha nyumba hii si cha nyumba ile, na umeona hesabu inavyokwenda. Wanaochota visima vya karibu na pwani wayaonje maji kwanza. Yakiwa na chumvi, nunua ya dumu. Faneli ijaribu kwenye shingo ya chupa hapo hapo dukani kabla hujalipa, na nenda na kizibo chako mfukoni, muuzaji atakuonesha chupa zinazokubaliana nacho.