Multimita ya bei nafuu kwenye van kuukuu isiyowaka: uzoefu wangu

Ninayoizungumzia ni ile multimita ndogo ya kidijitali ambayo kila fundi ameiona: kitufe kikubwa cha kuzungusha katikati, matundu matatu, waya mwekundu na mweusi, na betri ya volti 9 tumboni. Kwa kazi ya kutafuta kwa nini van ya zamani haiwaki, naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeizuia kwa sababu mita hii husema "volti 12 zipo" mahali ambapo umeme uliopo hauwezi kuwasha hata taa ya namba. Asiyeijua tabia hiyo atanunua stata (mota inayozungusha injini ili iwake) na pampu ya mafuta mpya bure.

Kwenye betri haina mpinzani. Gari likiwa limelala saa kadhaa, 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 imebaki kama nusu, na ikiwa chini ya 12.0 ichaji kwanza kabla hujagusa kitu kingine. Kisha mtu apige stata huku umeshikilia ncha za mita kwenye betri. Namba isishuke chini ya 9.6. Ncha ziguse nguzo za risasi zenyewe, si vibano vya waya. Ukipata 11.2 kwenye nguzo, ukahamia kwenye vibano ukapata 7, betri haina kosa. Kuna utando kati ya nguzo na kibano, na dawa yake ni msasa na kukaza nati.

Erthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari, ndiyo huwapiga chenga wengi. Ncha moja weka kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, halafu stata ipigwe. Ikisoma 0.2 mambo ni mazuri. Ikipita 0.5, waya wa erthi kati ya injini na bodi umeoza au boliti yake imekaa juu ya rangi na kutu. Nikiona 1.8 hapo siigusi stata kabisa, kwa sababu karibu volti mbili zinapotea njiani. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi boliti nene ya stata. Kipimo hiki hakina maana kama stata haipigwi: mkondo usipopita, hata waya mbovu husoma sifuri.

Hapo ndipo ile tabia mbaya inapojitokeza. Mita huvuta mkondo mdogo mno, kwa hiyo waya ulioliwa na kutu hadi ukabaki na uzi mmoja wa shaba bado utakuonyesha 12.4. Upe waya huo mzigo, yaani kitu kinachovuta umeme wa kutosha, uongo utaisha. Mita yangu haitembei bila balbu ya indiketa ya wati 21 iliyoungwa nyaya mbili. Balbu hiyo huvuta karibu ampea 1.75. Ikiwaka kwa rangi ya chungwa iliyochoka pale ambapo mita inasema 12, umempata mwizi. Usiitumie tu kwenye nyaya za kompyuta ya gari au za mifuko ya hewa, maana inaweza kuunguza.

Kwa injini za kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) zenye pointi, ile swichi ndogo inayokata umeme wa koili, ndani ya distributa (kigawa cheche), balbu hiyo hiyo inaishinda mita. Iunge kati ya upande hasi wa koili (kifaa kinachokuza umeme wa cheche) na erthi, kisha piga stata. Ikiwaka na kuzima kwa kupokezana, pointi zinafanya kazi. Ikibaki inawaka tu, pointi hazifungi au zimechafuka. Isipowaka kabisa, ama koili haipati umeme ama pointi zimeshikana. Mita inafaa kupimia koili ikiwa imefunguliwa nyaya: upande wa msingi huwa karibu ohm 3, au 1.5 kama gari lina kipunguza umeme chake pembeni. Ukifunga ya 1.5 mahali pa 3, pointi zitaungua haraka. Na usithubutu kupima waya mnene wa plagi wakati koili inapiga, mita itakufa.

Kwenye mafuta, mita huishia nusu ya njia. Kwanza fungua plagi moja baada ya kupiga stata kwa muda. Ikiwa kavu, fuata mafuta. Ikiwa imelowa petroli, rudi kwenye cheche. Tia lita 5 kwenye tangi hata kama geji inasema robo, maana geji ya gari la umri huo haikubaliki kuwa shahidi. Gari la nozeli, yaani linalopulizia petroli kwa presha badala ya kutumia kabureta, ukiwasha swichi, pampu inapaswa kuvuma kama sekunde 2. Hapo mita za bei ndogo huudhi: namba hubadilika polepole, na pampu inazima kabla haijatulia. Toa rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya pampu, unganisha tundu namba 30 na 87 kwa waya wenye fyuzi, upime kwa utulivu. Pampu ikivuma, kosa liko kwenye rilei au amri yake. Isipovuma, nenda kwenye soketi ya pampu na balbu.

Nyaya za mita ni fupi, hazifiki kutoka tangi la nyuma hadi betri. Ongeza waya wowote mwembamba wa mita 5. Kwa kupima volti hauharibu kitu, lakini kwa ohm ndogo unaongeza upinzani wake, kwa hiyo usiutumie hapo. Ukipima hivyo pampu ikiwa inafanya kazi, ukaona erthi ya nyuma inapoteza zaidi ya 0.5, suluhisho ni erthi mpya.

Presha mita haiioni, hiyo inataka geji yake. Nozeli za zamani nyingi zinadai bar 2.5 hadi 3. Kabureta inatosheka na 0.2 hadi 0.4. Ndiyo maana pampu ya nozeli ikifungwa kwenye kabureta, sindano ya chemba ya mafuta hushindwa kufunga na injini hufurika. Mpira wa mafuta uliopasuka upande wa kuvuta hautadondosha hata tone; unavuta hewa tu.

Kwa dizeli, pima waya wa swichi ya kuzimia mafuta juu ya pampu: uwe na volti 12 swichi ikiwa imewashwa na pia stata ikipigwa. Umeme ukipotea wakati wa stata, angalia swichi ya ufunguo.

Mwisho, lile tundu la ampea 10. Kwenye mita nyingi za aina hii halina fyuzi. Ukiusahau waya mwekundu hapo ukagusa nguzo mbili za betri, umeiunganisha betri moja kwa moja na nyaya zitayeyuka mkononi. Ukimaliza kupima ampea, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti kabla hujaiweka mita chini.