Kibodi nyembamba, herufi A na kijana wa kaunta: uzoefu wangu

Nianze na hukumu, ili mwenye haraka aishie hapa: hii ndiyo kibodi nzuri kuliko zote nilizowahi kuwekea vidole, na sikushauri uinunue. Ninajua kwamba maneno hayo yanapingana, na atakayefika mwisho ataona kwamba hata mimi sijaweza kuyapatanisha.

Kazi yangu ni kufasiri nyaraka, hasa mikataba na hukumu za mahakama, na ninaifanyia nyumbani, Dar es Salaam. Mchana ninaandika kuliko ninavyozungumza; usiku, kazi ikiisha, nacheza gemu za kulengana shabaha pamoja na wapwa zangu na watu wengine ambao sitawajua kamwe. Nina umri wa kuamkiwa shikamoo dukani, na jambo hilo linahusika na yatakayofuata. Nilitaka kibodi moja kwa kazi zote mbili, yenye swichi za mekanika, yaani kila kitufe kina swichi yake ya chuma chini yake, kwa sababu nimechoshwa na zile za mpira ambazo baada ya muda hulegea kama chapati ya jana. Hata hivyo nilitaka iwe nyembamba, maana kibodi za mekanika za kawaida zimenyanyuka sana kutoka mezani, na mtu anayeandika kutwa nzima hujikuta amekunja viganja kuelekea juu mpaka jioni vinauma.

Sifa za kiufundi sitazirudia, kwa kuwa kila muuzaji anazibandika. Itoshe kusema kwamba wanaotengeneza kibodi za aina hii si wachache, Logitech, Keychron, NuPhy na Lofree wakiwamo, kwamba niliyoichagua ilinigharimu zaidi ya laki tano, na kwamba sitaitaja kwa jina, kwa kuwa ugomvi wangu mkubwa hauko na walioiunda. Au tuseme hauko nao kwanza.

Miezi ya mwanzo ilikuwa fungate. Kitufe kinashuka kidogo tu, kinagota, kinarudi juu kabla hujakifikiria, na mlio wake ni mkavu na wa chini, haumwamshi aliyelala chumba cha pili. Viganja vyangu vililala mezani bila mto wa kuvitegemeza, na maumivu ya jioni yakapungua kiasi kwamba nilianza kuwasumbua wenzangu kwa kuisifia. Kompyuta mpakato ya kazi niliiunganisha kwa Bluetooth, na ile kubwa ya gemu kwa kidude cha USB kinachokuja na kibodi, hivyo mbofyo mmoja ulinitoa kwenye mkataba wa upangaji na kunipeleka vitani. Anayekusudia kuchezea gemu kwa Bluetooth nimwambie mapema kwamba katika kuandika hataona tofauti, lakini katika gemu za kasi ataiona, atumie kidude. Tena asikichomeke nyuma ya kompyuta, karibu na matundu ya USB 3.0 yanayofanya kazi, kwani hayo hutoa kelele ya redio katika masafa yaleyale ambayo kidude hutumia, ya gigahezi 2.4, jambo ambalo Intel wenyewe walilieleza katika waraka wao wa mwaka 2012. Mimi nilikisogeza mbele kwa waya mfupi wa kurefushia, na hakikuwahi kukata mawasiliano.

Basi ikaja herufi A.

Sikumbuki ilianza lini hasa. Ninachokumbuka ni kwamba mvua za vuli zilikuwa zimekwisha. Nilibonyeza mara moja, zikatoka A mbili. Haikuwa kila mara, na hapo ndipo penye uchungu, kwa kuwa kitufe kilichokufa kabisa unakijua na kukishughulikia, lakini kitufe kinachodanganya mara mojamoja kinakulazimu usome upya kila mstari. Mwandishi wa Kiingereza angeweza kuvumilia. Sisi tunaoandika Kiswahili hatuwezi kumaliza sentensi bila A, na mara nyingi hatuwezi kumaliza hata neno. Mbaya zaidi, mara nyingine A ikizidi haitoi kosa ambalo programu ya kukagua tahajia italikamata. Katika kifungu kimoja cha mkataba nilikusudia kuandika kwamba upande usioridhika unaweza kukata rufaa. Kilichokaa kwenye ukurasa ni kwamba unaweza kukataa rufaa. Ni mteja aliyeliona, naye ni wakili. Alinipigia simu kwa adabu, na ile adabu ndiyo iliyoniumiza.

Usiku hali ilikuwa ileile kwa sura nyingine. A ndicho kitufe cha kwenda kushoto. Umejibanza nyuma ya ukuta, unakigusa kidogo ili uchungulie, mhusika wako anachungulia, anasita, kisha anachungulia tena kana kwamba amesahau kitu, na aliye upande wa pili hahitaji zaidi ya hapo.

Kabla ya kumlaumu yeyote nilifanya uchunguzi wangu. Nilizima Bluetooth, nikakichomoa kidude na kuichomeka kibodi kwa waya, A ikaendelea kujirudia, hivyo tatizo halikuwa la mawasiliano. Nilisasisha programu yake ya ndani, bila mabadiliko. Ndani ya swichi ya mekanika kuna vipande viwili vya chuma vinavyogusana unapobonyeza, na vinapogusana hudundadunda kwa muda mfupi sana, milisekunde chache, kabla ya kutulia. Kibodi imefundishwa kuupuuza mdundo huo. Chuma kikiingia uchafu au kutu, mdundo hurefuka kupita muda ambao kibodi imeambiwa kusubiri, na mguso mmoja unahesabiwa kuwa miwili. Vitufe vifupi vimewahi kuwatesa wakubwa pia, ingawa kwa muundo tofauti na huu: Apple walianza kutumia, kwenye kompyuta mpakato zao, vitufe vyembamba vyenye mtambo wa chini uitwao kipepeo mwaka 2015, malalamiko ya herufi kujirudia na kukwama yakazidi, Juni 2018 wakatangaza mpango wa kuzitengeneza bila malipo, na mwaka 2022 wakakubali kulipa dola milioni 50 ili kumaliza kesi. Kwa hiyo nilikwenda dukani nikiwa na ugonjwa unaojulikana, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na karatasi ya dhamana, nikiamini kwamba mazungumzo yatakuwa mafupi.

Duka liko katikati ya jiji, lina vioo na kiyoyozi, na nyuma ya kaunta alikuwapo kijana nadhifu sana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimeleta kibodi, kitufe cha A kinajirudia."

Aliitazama kibodi, akanitazama mimi, kisha akatazama mlangoni.

"Mwenyewe yuko wapi?"

Nikamwambia kwamba mwenyewe ndiye mimi. Akatabasamu kwa upole ambao hadi leo ukinijia huwa naacha ninachokifanya. "Hapana mama, namaanisha anayeitumia. Hii ni ya gemu. Mwambie kijana aje nayo mwenyewe, tutaelewana naye vizuri zaidi."

Sikutukana, ingawa nilikuwa na akiba ya kutosha. Nilimweleza habari ya vipande vya chuma, mdundo na milisekunde, naye akawa anaitikia kwa kichwa jinsi mtu anavyomwitikia bibi anayesimulia habari za zamani. Alipoona siondoki, aliiunganisha na kompyuta ya dukani, akaingia kwenye mipangilio ya Windows ya watu wenye shida ya mikono na kuwasha ile inayopuuza vibonyezo vinavyofuatana haraka. "Tayari mama, imepona." Nikamwomba aandike neno taarifa. Likatoka tarifa. Nikamwomba aandike saa, ikatoka sa. Muda mfupi kabisa wa mpangilio ule ni nusu sekunde, na hakuna anayeandika Kiswahili akasubiri nusu sekunde kati ya A na A. Dawa ile ilikuwa imeondoa A ya pili ya uongo pamoja na ya pili ya kweli. Akatafakari kidogo, akasema, bila ubaya wowote, na ndiyo maana nimeshindwa kumsamehe: "Labda unabonyeza kwa nguvu, mama. Wazazi wetu wamezoea taipureta."

Sijawahi kutumia taipureta maishani mwangu.

Kuhusu dhamana alisema haigusi uchakavu, na kwamba nikisisitiza, kibodi itabidi irudishwe Dubai kwa gharama yangu, muda haujulikani. Nilimkumbusha kwamba Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, haimruhusu mfanyabiashara kuuza kitu kisicho na ubora unaostahili kuuzwa kisha akanawa mikono, na kwamba Tume ya Ushindani ipo kwa ajili ya watu kama mimi. "Nenda tu mama," akasema, tayari akimhudumia mwingine, kijana wa kiume aliyekuja kununua waya wa kuchajia na ambaye aliulizwa kwa heshima anatumia simu gani. Barua ya malalamiko nimeiandika. Sijaipeleka bado, maana kila nikiisoma naona hasira imezidi hoja, nikiipunguza hasira naona hoja inakosa nguvu.

Kibodi niliipeleka Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa fundi wa simu ambaye meza yake ingeenea ndani ya kabati la lile duka. Naye ni kijana, huenda rika moja na yule. Naye aliniamkia shikamoo na kuniita mama. Lakini swali lake la kwanza lilikuwa: "Inajirudia ukibonyeza polepole au haraka?" Nilitamani kumkumbatia. Aling'oa miguu ya mpira, maana skrubu zimefichwa chini yake, akakitoa kifuniko cha A kwa uangalifu kwa sababu vibano vya vifuniko hivi vyembamba huvunjika kirahisi, akaniambia kwamba swichi zimelehemiwa kwenye bodi na yeye hana swichi fupi za kubadilishia. Kisha akaniuliza kitufe ambacho sikitumii kabisa. Nikamwonyesha Pause. Akaipasha lehemu moto, akainyonya kwa pampu, akazihamisha swichi mbili, ya Pause ikaenda kwa A na ya A ikaenda kwa Pause, na muda wote huo alikuwa akimwelekeza mwanafunzi wake bei ya kioo cha simu. Kabla ya kuirudisha ile mbovu aliifungua chini ya lenzi ili nijionee: kwenye ncha ya chuma palikuwa na doa jeusi dogo kuliko mbegu ya ufuta. Alisema ni chumvi ya hewa. Inawezekana, ninaishi karibu na bahari na madirisha yangu hayafungwi. Inawezekana pia kwamba swichi ilitoka kiwandani ikiwa hivyo. Alichonitoza ni pesa ya kula mchana kwa watu wawili.

Tangu siku hiyo A haijanidanganya. Kitufe cha Pause sasa ndicho kinachojirudia, na hakuna mkataba wala gemu itakayonidai.

Kwa hiyo nirudi kwenye hukumu, ambayo naona inaanza kuteleza. Kama unataka kibodi nyembamba ya bei hii, chagua ile ambayo swichi zake zinachomoka bila kulehemu. Zipo hata katika hizi nyembamba, ingawa swichi fupi za aina moja mara nyingi haziingii kwenye kibodi ya aina nyingine, hivyo nunua za akiba siku hiyohiyo, zinazolingana. Yangu haichomoki, na kampuni iliyoiuza kwa zaidi ya laki tano ingeweza kuliona hilo kabla ya fundi wa Aggrey. Hapo lawama inawafikia wao pia. Lakini nikisema hivyo vidole vyangu vinanisuta, kwa kuwa haya yote nimeyaandika kwa kibodi hiyohiyo, viganja haviumi, na sijawahi kutamani kurudi kwenye ile ya zamani hata siku A ilipokuwa katika ubaya wake. Juzi I ilinitia shaka kidogo. Sijui kama ilijirudia kweli au ni mimi niliyeanza kuona wezi kila mahali. Nikipoteza I bado ninayo Scroll Lock ya kuchinja, na baada ya hapo Insert.

Nilikuwa nimeshaandika kwamba naipa nyota nne, na kwamba lawama zangu za mwanzo zisomwe kama hasira za duka tu. Kisha simu ikalia. Duka lilelile limenitumia ujumbe kwa WhatsApp, wananiomba niwape nyota tano kwa huduma niliyopata, na ujumbe unaanza kwa maneno "Mpendwa Kaka". Kibodi nimeipunguzia nyota moja. Haikustahili, lakini nao nimekosa cha kuwapunguzia.