Tikka T3x Lite ya .308: mtutu wa 1:11 unataka risasi gani?

Kwa swala pala wa ranchi zinazoizunguka Lake Mburo, Uganda, bunduki hii ya Ufini inatosha na kubaki. Ni nyepesi, kilo 3 hivi bila darubini, kifyatulio kinarekebishika, na kiwanda kinaahidi matundu matatu ndani ya milimita 29 kwa mita 100. Ahadi hiyo inasimama ukiilisha risasi inayoelewana na msokoto wa mtutu wake.

Mifereji iliyojisokota ndani ya mtutu wa .308 ya Tikka ni 1:11: risasi inazunguka mara moja kila inchi 11. Ikitoka kwa kasi ya mita 820 kwa sekunde, inajizungusha mara 2,900 hivi kila sekunde, na mzunguko huo ndio unaoizuia isipinduke hewani. Watu hutaja uzito, lakini kinachoamua hasa ni urefu wa kichwa cha risasi. Kanuni ya Greenhill ya 1879 inatosha kukadiria urefu unaofaa (150 ni namba ya kanuni, 0.308 ni kipenyo cha risasi kwa inchi, 11 ni msokoto): 150 × 0.308 × 0.308 ÷ 11 ni inchi 1.29, karibu milimita 33. Kichwa kirefu kuliko hapo kinaanza kukutia mashaka.

Kwa hiyo vichwa vya ncha laini vya greni 150 hadi 180 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa) vinakaa vizuri. Chaguo letu ni 165. Boksi za Ulaya mara nyingi huandika gramu: 9.7 ni greni 150, 10.7 ni 165, 11.7 ni 180. Greni 200 na kuendelea, ziache kwa mitutu ya 1:10. Vichwa vya shaba tupu vina mtego wake: shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo kwa uzito uleule kichwa hurefuka. Ukitaka shaba, shuka hadi 150.

Jaribu kwa mita 100, risasi tano. Tundu la mviringo ni salama. Likiwa la yai, risasi inayumba, na hakuna darubini itakayokuponya. Hewa nayo ina neno: risasi iliyo ukingoni inaweza kutulia Kabale, karibu mita 2,000 juu ya bahari, ikayumba kando ya Ziwa Albert, mita 620 hivi, ambako hewa ni nzito zaidi.

Kasoro? Mtutu mwembamba unapata moto haraka, matundu yakaanza kutawanyika. Upumzishe kila baada ya risasi tatu. Kwa greni 180 inapiga bega hasa (wepesi una gharama yake). Magazini ni ya plastiki, inabeba risasi tatu, na ya akiba ni ghali.

Nyati usimguse na .308, hata msokoto uwe sahihi vipi. Huyo ni wa risasi kubwa zaidi, .375 H&H, greni 300, ambayo kwa kawaida hutoka kwenye mtutu wa 1:12.