Dawa za Ganzi za Kupaka: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Wengi wetu tukiingia duka la dawa na maumivu tunaomba "ile kali kabisa." Kwa dawa za ganzi za kupaka, hilo ni ombi la hatari. Dawa hizi huzuia neva zisipeleke taarifa ya maumivu kwenye ubongo, na hazichagui neva. Zikiingia kwenye damu kwa wingi, hugusa ubongo na moyo kama zinavyogusa kidole kilichoungua. Kwa hiyo kabla hujauliza nguvu ya dawa, jiulize ni kiasi gani kitapenya mwilini.

Tufanye hesabu ndogo. Tyubu ya gramu 30 yenye asilimia 4 ya lidokaini, mojawapo ya dawa hizi za ganzi, ina miligramu 40 katika kila gramu, yaani miligramu 1,200 kwa tyubu nzima. Daktari anapomchoma mtu mzima sindano ya ganzi ya lidokaini peke yake, kiwango cha juu ni takriban miligramu 300. Kinachokulinda unapopaka ni ngozi yako, kwa sababu ikiwa nzima hupitisha sehemu ndogo tu ya dawa. Ngozi iliyochubuka, iliyopashwa joto au iliyofungwa nailoni hupitisha nyingi zaidi. Mwaka 2007 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari baada ya vifo vya wanawake wawili, mmoja wa miaka 22 na mwingine wa miaka 25. Walikuwa wamepaka krimu za ganzi miguuni kujiandaa kuondolewa nywele kwa leza, kisha wakajifunga nailoni kama walivyoelekezwa. Walipata degedege, wakapoteza fahamu, na hawakuamka. Kumbuka kwamba walikuwa vijana na walifuata maelekezo waliyopewa.

Kwa hiyo nimezipanga dawa hizi kwa usalama kwanza, nguvu baadaye.

1. Krimu au jeli ya lidokaini, asilimia 4 au chini

Kama unanunua moja tu ya kuweka nyumbani, nunua hii, na uchukue tyubu ndogo. Lidokaini ilitengenezwa Sweden mwaka 1943 na kuingia sokoni mwaka 1948, hivyo madaktari wanazijua vizuri faida na hatari zake. Inafaa kwa kuumwa na mdudu, kuungua kidogo, mkwaruzo mdogo au ngozi iliyobabuka kwa jua sehemu ndogo. Safu nyembamba inatosha. Lebo nyingi huruhusu mara 3 au 4 kwa siku, na maumivu yakizidi siku 7 muone daktari. Nawa mikono baada ya kupaka, maana kidole chenye lidokaini kikigusa jicho kitalifanya lisihisi hata linapokwaruzwa.

Ya kupuliza ina faida moja: huhitaji kugusa sehemu inayouma. Lakini ni vigumu kujua umepuliza kiasi gani, na ni rahisi kuivuta puani. Ukiwa nayo, usiipulizie usoni. Puliza mkononi kisha upake.

2. Plasta ya lidokaini asilimia 4

Hii ni kwa maumivu yanayokaa mahali pamoja: kiuno, bega, shingo iliyokaza. Ninaipenda kwa sababu kiasi na eneo vimeshapimwa kiwandani, kwa hiyo ni vigumu kupaka kupita kiasi. Bandika juu ya ngozi kavu isiyo na kidonda, moja kwa wakati mmoja, kwa saa zilizoandikwa kwenye pakiti, mara nyingi 8 hadi 12. Usiweke chupa ya maji ya moto wala pedi ya umeme juu yake.

Wengi hawajui kwamba plasta iliyokwishatumika bado imejaa dawa. Plasta ya asilimia 5, ile ya kuandikiwa na daktari, huanza na miligramu 700, na ikibanduliwa bado hubaki na angalau miligramu 665. Mtoto au mbwa akiitafuna yuko hatarini. Ikunje upande wa gundi ukutane na mwenzake, kisha itupe mahali wasipofika.

3. Pramoksini asilimia 1

Haijulikani sana, na hilo linanisikitisha. Kwa muwasho, kuumwa na mbu au upele mdogo unaowasha na kuchonyota, mara nyingi inatosha kabisa. Muundo wake wa kikemikali ni tofauti na wa lidokaini na benzokaini, kwa hiyo mtu mwenye mzio wa hizo anaweza kumuuliza mfamasia kuhusu hii. Kwa maumivu ya misuli haitakusaidia.

4. Mchanganyiko wa lidokaini na prilokaini, asilimia 2.5 kila moja

Ni dawa nzuri, ila ina kazi yake maalumu: kutia ganzi ngozi kabla ya sindano au kutolewa damu. Hupakwa safu nene kwenye eneo dogo, hufunikwa, na huhitaji kama saa 1 kufanya kazi. Ndiyo, hapa kufunika kunaruhusiwa, lakini kwa eneo dogo na muda uliopangwa na mtaalamu. Kwa watoto kipimo hutegemea umri na uzito, kwa hiyo usikikadirie mwenyewe. Ngozi ikipauka au kuwa nyekundu kidogo baada ya kuiondoa, usishtuke, hupotea.

5. Benzokaini

Iko mwisho kwa sababu nzito. Inaweza kubadilisha hemoglobini ya damu ikashindwa kupeleka oksijeni mwilini. Midomo na kucha hugeuka kijivu au buluu, mtu huhema kwa shida na kichwa humuuma. Hutokea mara chache, lakini inaweza kutokea hata kwa matumizi ya kwanza, ndani ya dakika chache hadi saa 1 au 2. Wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, wako hatarini zaidi. Mtu mzima mwenye kidonda kidogo mdomoni anaweza kuitumia kwa uangalifu akiwa anasubiri kumuona daktari wa meno. Asile mpaka ganzi iishe, kwani anaweza kujing'ata ulimi asijue.

Mtoto wa chini ya miaka 2 asipakwe kabisa. Mzazi mwenye mtoto anayeota meno, tafadhali usinunue jeli ya ganzi ya aina yoyote kwa ajili ya fizi zake. Mwaka 2014 FDA ilitoa onyo kali pia dhidi ya lidokaini ya majimaji mazito ya asilimia 2 kwa watoto wanaoota meno. Mtoto hudondosha mate na kumeza dawa, nayo humletea degedege na kuvuruga moyo. Msugue fizi kwa kidole safi, au mpe kitu cha kutafuna kilichopozwa bila kugandishwa.

Za kuacha dukani

Acha krimu yoyote inayouzwa bila cheti cha daktari ikiwa na lidokaini zaidi ya asilimia 4, hasa zinazotangazwa mtandaoni kwa ajili ya tatuu. Machi 2024 FDA iliziandikia kampuni 6 barua za onyo kuhusu bidhaa za namna hiyo. Acha pia ile isiyoonyesha asilimia ya viambato, hata kama jirani anaisifia. Na usipake mbili kwa pamoja: ukiona majina yanayoishia na "-kaini" kwenye tyubu mbili, chagua moja.

Dawa za mentoli na kafuri ni kitu kingine. Hizo huleta hisia ya baridi au joto inayoficha maumivu, na zenye mentoli nyingi zimewahi kuwaunguza watu ngozi. Kifundo kilichoteguka kinaweza kusaidiwa zaidi na jeli ya diklofenaki, inayopunguza uvimbe.

Mwambie mfamasia ukiwa na ugonjwa wa moyo au ini, ukiwa mjamzito, au ukitumia dawa za kurekebisha mapigo ya moyo. Kidonda kirefu, malengelenge makubwa ya moto au jino lenye uvimbe usivitie ganzi nyumbani, vinahitaji matibabu.

Ukishapaka, ukisikia ladha ya chuma mdomoni, midomo kufa ganzi ilhali hukuigusa, masikio kuvuma, kizunguzungu au kuona ukungu, osha sehemu hiyo mara moja kwa sabuni na maji, bandua plasta, uende hospitali. Mtu akianza degedege, kupumua kwa shida au kubadilika rangi, usipoteze muda kuosha, mkimbizeni. Bebeni na tyubu yenyewe, ili daktari asome alichopaka na kuona kilichobaki.