Meza ya Pasaka ya Kiyahudi mjini Lindi: mapitio ya warsha kuhusu hofu ya kurithi

Kabla maji hayajagusa unga, jiko liwe limeshakolea moto. Hilo ndilo elekezo la kwanza katika warsha hii ya siku moja, inayoendeshwa Lindi Mjini kwa walimu, viongozi wa dini na vikundi vya vijana, na ndilo linalokosewa zaidi. Matza, mkate usiotiwa chachu wa Pasaka ya Kiyahudi, ni unga wa ngano na maji basi. Kwa sheria ya Wayahudi, tangu maji yaingie hadi mkate uive zisipite dakika 18. Zikipita, donge linahesabiwa kuwa limeanza kuchacha. Vikombe vitatu vya unga kwa kimoja cha maji vinatosha meza ya watu wanane. Sukuma uwe mwembamba sana, toboa kwa uma kila mahali usije ukafura, choma kwenye kikaango kikavu. Wanaosukuma nene kama chapati hutoa mkate mbichi katikati, na wanaokanda huku wakipepea mkaa wanapitwa na saa. (Huu ni wa kufundishia tu. Wa ibada una masharti mengi kuliko haya.) Haraka hiyo ndiyo somo lenyewe: Bani Israili waliokuwa watumwa Misri waliondoka kabla donge lao halijaumuka.

Pembeni ya matza kuna mboga chungu, na hapa waandaaji wamepatia kabisa: wametumia mchunga. Nyumbani mchunga huchemshwa, maji yakamwagwa, ndipo ukatiwa nazi. Mezani hapa unaliwa mbichi na uchungu wake wote, ukifuatiwa na kijiko cha tende na korosho zilizotwangwa pamoja, mfano wa udongo wa matofali waliyofyatua watumwa. Divai imebadilishwa kwa juisi ya rozela, kwa hiyo Mwislamu anakaa bila wasiwasi.

Kisha linasomwa andiko la usiku huo, Hagada, na hapo warsha inapanda. Andiko hilo lina kauli mbili zinazovutana. Moja inasema kwamba katika kila kizazi huinuka watu wa kutuangamiza. Nyingine inamtaka kila mtu, katika kila kizazi, ajione kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetoka Misri. Ya kwanza inarithisha hofu. Ya pili ukiisoma pamoja na amri ya Torati ya kutomwonea mgeni, kwa kuwa nanyi mlikuwa wageni, inarithisha wajibu. Yanapotajwa mapigo kumi, kila mtu huchovya kidole kwenye kikombe chake na kudondosha tone moja kwa kila pigo, matone kumi kwenye sahani. Wayahudi wengi hueleza kwamba kikombe cha furaha hakipaswi kujaa ilhali Wamisri waliteseka. Matone mekundu yale kwenye sahani nyeupe yalinyamazisha ukumbi kuliko hotuba yoyote.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Je, ambaye hakuumwa yeye bali bibi yake? Swali hilo linaunganishwa na mauaji ya Wayahudi milioni sita mikononi mwa Wanazi, halafu linaletwa nyumbani, Nandete, wilayani Kilwa, ambako Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905 kwa kung'oa pamba ya shuruti. Wajerumani walichoma vyakula na mashamba, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Mwezeshaji alifanya vyema kukataza kupima msiba upi mkubwa. Kinachoulizwa ni hiki tu: ni onyo gani la wazee bado linakuongoza, na sasa linamlinda nani au kumuumiza nani?

Mifano ya waliofuata kauli ya pili imechaguliwa vizuri. Rabi Abraham Joshua Heschel, aliyepoteza mama na dada zake Ulaya, aliandamana na Martin Luther King huko Selma, Marekani, kudai haki za Weusi, mwaka 1965. Ruth First, aliyezaliwa Johannesburg na wazazi Wayahudi wahamiaji, alipinga ubaguzi wa rangi hadi akauawa kwa bomu la kifurushi Maputo, Msumbiji, Agosti 1982. Msumbiji si mbali kwa watu wa kusini, na jina hilo lilistahili muda mrefu zaidi.

Zoezi la kadi lingefaa kutangulia, sasa linakuja mwisho watu wakiwa wamechoka. Kadi nne zinabandikwa ukutani: Bani Israili wa vitabu vitakatifu, Wayahudi, raia wa Israeli, serikali ya Israeli. Washiriki wanapanga sentensi chini ya kila kadi. Wengi hukosea kwa sababu katika mazungumzo yetu yote manne huitwa “Mayahudi”. Karibu raia mmoja kati ya watano wa Israeli ni Mwarabu, na karibu na Mbale, Uganda, wako Abayudaya, Wayahudi Waafrika tangu mwaka 1919. Bila kutenganisha haya, mjadala wa Gaza unaharibika dakika ya kwanza.

Na Gaza ilipewa dakika ishirini. Hazitoshi hata kidogo. Hofu ya Wayahudi baada ya shambulio la Hamas la 7 Oktoba 2023 na hofu ya Wapalestina, ambao takriban 700,000 waling'olewa makwao mwaka 1948, zote zinarithishwa kwa watoto, na mshiriki ana haki ya kuziona zote mbili. Kundi la Parents Circle, la familia za Waisraeli na Wapalestina zilizofiwa, lililoanzishwa 1995, lilitajwa kwa sentensi moja. Tungelipatia saa nzima. Dosari nyingine ni picha za maiti zilizoonyeshwa bila kutahadharisha, na kudai kwamba hofu “imethibitishwa kukaa kwenye damu”. Utafiti uliopo kwa watoto wa manusura wa mauaji ya Wanazi ulihusu watu wachache, hauwezi kubeba neno hilo.

Mkiialika warsha hii, msizidi watu 24 kwa meza tatu, kila meza na jiko lake. Ombeni kadi ziwe asubuhi, Gaza baada ya chakula, na tarehe isiyoangukia Ramadhani. Mchunga ununuliwe siku ileile na uoshwe mara mbili, maana mchanga ukibaki watu hutema kabla hawajauonja uchungu.