Simu ya bei nafuu ya kupiga kwa Wi-Fi: boksi lisikudanganye, weka laini yako kwanza

Malalamiko ya wasomaji wa Mombasa, kutoka Mji wa Kale, Majengo na magorofa ya Bamburi, yanafanana mno. Mtu amenunua simu kwa sababu boksi limeandikwa VoWiFi, yaani kupiga kwa Wi-Fi. Kafika nyumbani, rauta inawaka taa zote, na bado anayempigia anaambiwa mteja hapatikani. Akiingia kwenye mipangilio aiwashe Wi-Fi Calling, swichi yenyewe haipo. Haijazimwa, haipo kabisa. Akirudi dukani anaambiwa asubiri update, na update haiji.

Mwongozo huu unahusu kasoro hiyo. Kamera, rangi na ukubwa wa kioo mtayasoma kwingine, maana kila muuzaji anayajua kwa moyo. Swichi ndiyo hakuna anayeitaja.

Kupiga kwa Wi-Fi si WhatsApp. Namba ni yako ileile, na unayempigia anaweza kuwa na kabambe (simu ya vitufe) bila bando. Simu yako inachimba njia ya siri ndani ya intaneti ya nyumbani hadi kwenye lango la mtandao wako, na sauti inapita humo. Muda wa maongezi unakatwa kama kawaida. Kwa nyumba za Kibokoni zenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, au chumba cha chini kwenye gorofa la zege na nondo, huduma hii ndiyo inayoamua kama simu italia au la.

Ili ifanye kazi, mambo matatu yakutane: mtandao wako uwe umeifungua huduma kwa laini yako, kifaa kiwe na uwezo, na softiwea ya simu iwe na faili la mipangilio ya mtandao huohuo. La kwanza waulize huduma kwa wateja kabla hujatoa hata shilingi. La pili ndilo linaloandikwa kwenye boksi. La tatu ndilo linaloua. Kila laini ina namba ya utambulisho: za Kenya huanza na 639, Safaricom ni 639-02 na Airtel ni 639-03. Simu ikiwaka husoma namba hiyo kwenye kadi na kuitafuta kwenye mafaili yake. Ikiwa simu ilitengenezewa soko la Dubai na haina faili la 639-02 lenye ruhusa ya Wi-Fi, inaificha swichi. Muundo ni uleule, boksi ni lilelile, lakini moja inayo na nyingine haina. Kwa hiyo jirani yako kusema "yangu inapiga" si ushahidi kwamba yako itapiga.

Jaribio la kaunta

Nenda na laini yako mwenyewe na mwenzako mwenye bando, awashe hotspot, kwa sababu maduka mengi ya Digo Road na Moi Avenue hayatakupa Wi-Fi yao. Tia laini, unganisha hotspot, subiri dakika mbili, kisha zima simu na uiwashe tena. Usiruke hatua hii: mara nyingine swichi hutokea tu baada ya simu kuwaka upya ikiwa na kadi. Sasa itafute. Kwenye Samsung iko ndani ya programu ya Simu: nukta tatu, "Settings", "Wi-Fi Calling". Kwenye Tecno, Infinix na Redmi ingia mipangilio ya kadi za SIM, gusa laini yako, shuka chini.

Ikiwepo, iwashe. Halafu washa hali ya ndegeni, na Wi-Fi uiwashe tena juu yake. Hapo mnara umekatwa na njia iliyobaki ni moja tu. Piga simu, zungumzeni kidogo, kisha mwambie huyo uliyempigia akupigie yeye. Kuna simu zinazotoa lakini hazipokei, na hiyo hutaigundua ukijaribu upande mmoja.

Bado. Toa hali ya ndegeni, kwenye mipangilio chagua Wi-Fi ipewe kipaumbele, piga tena, na huku unazungumza toka dukani utembee mpaka hotspot ipotee. Maongezi yakiendelea, simu imehama kutoka Wi-Fi kwenda 4G vizuri. Yakikatika, VoLTE (sauti kupitia 4G) haijawashwa au haimo, na simu hiyo itakukatikia kila siku mlangoni ukitoka nyumbani. Wi-Fi haiwezi kukabidhi mazungumzo kwa 4G isiyobeba sauti. Wenye laini mbili, rudieni yote kwenye tundu la pili, kwa kuwa si kila simu hutoa huduma hii kwenye matundu yote mawili.

Simu zenyewe, kwa mpangilio wangu

Ya kwanza ni Samsung Galaxy A, na sifichi kwamba naipendelea. Sababu si jina. Ni kwamba Samsung ndiyo inayokuruhusu kujua asili ya softiwea yake hapohapo kaunta, bila kumwamini mtu. Ingia "About phone", "Software information", usome mstari wa "Service provider software version". Mwishoni utaona herufi tatu tatu zilizotengwa kwa mikwaju (/). Ukiona XSG, simu ni ya Falme za Kiarabu. KSA ni ya Saudia. Muuzaji akikuambia ni ya Kenya huku kioo kinasema XSG, mrudishie simu yake. Kwa mfuko mdogo chukua A06. Ukiweza kuongeza, A16 ndiyo ya kununua: Samsung iliahidi kuiletea masasisho kwa miaka 6, na mafaili ya mitandao huja kupitia masasisho hayohayo. Simu iliyoachwa na kampuni baada ya mwaka mmoja hubaki na ulichokikuta siku ya kwanza.

Ya pili ni Redmi. Hii ina mlango wa nyuma ambao nyingine hazina. Swichi isipoonekana, fungua sehemu ya kupigia na ubonyeze *#*#869434#*#*. Utaletewa ujumbe kwamba ukaguzi wa mtandao kwa VoWiFi umezimwa, na kwenye simu nyingi swichi hutokea papo hapo. Ya VoLTE ni *#*#86583#*#*. Zifanye zote mbili, kwa ile sababu ya mlangoni. Lakini elewa: msimbo huu unaondoa pazia tu. Kama mtandao wako haujaifungua huduma, swichi itawaka na simu haitapita.

Tecno Spark na Infinix Hot nazipa nafasi ya tatu. Zimejaa mjini, na zikiharibika Carlcare wanazishughulikia. Shida ni kwamba jina moja hubeba matoleo kadhaa yenye softiwea tofauti, kwa hiyo ile ya maonyesho iliyofungwa kamba juu ya kaunta haikuthibitishii kitu. Jaribu ileile utakayoondoka nayo. Bonyeza *#*#4636#*#*, ingia taarifa za simu, kisha kwenye nukta tatu chagua "IMS Service Status". Unatafuta mistari miwili: usajili uwe "Registered", na "Voice over WiFi" iwe "Available". Kwenye Samsung nyingi msimbo huu haufunguki, ndiyo maana sikuutaja kule juu.

iPhone za mtumba zinafuata. Uwezo upo tangu 5c, ila nyingi zinazoletwa zilifungwa na mitandao ya nje. Nenda "General", "About", utafute "Carrier Lock". Isiposema "No SIM restrictions", usinunue hata ikishuka bei nusu.

Google Pixel za mtumba msiziguse kwa kazi hii. Kamera yake nzuri, nakubali, lakini Google huwasha VoLTE na Wi-Fi kwa mitandao iliyo kwenye orodha yake tu, na njia za kuizunguka huvunjika sasisho likija.

Chini ya elfu kumi kuna itel, na kuna Neon zinazounganishwa Athi River. Zifanyie jaribio lilelile, na msitarajie makubwa. Kabambe za 4G kama Nokia 105 4G zina VoLTE lakini Wi-Fi hazina kabisa.

Jaribio likifaulu dukani, nyumbani likagoma

Hapo mkosaji ni rauta au anayekuuzia intaneti. Ile njia ya siri hutumia milango ya UDP 500 na 4500. Ingia kwenye rauta, tafuta "IPsec Passthrough" au "VPN Passthrough", iwashe. Ikiwa unatumia Wi-Fi ya mtaa, ile ya kulipia kwa siku inayogawiwa nyumba hamsini kutoka laini moja, muulize mwenyewe kama milango hiyo iko wazi. Sauti haili bando kubwa, haifiki hata kilobiti 100 kwa sekunde, lakini inataka intaneti isiyoshtukashtuka. Kwenye kuta nene tumia 2.4GHz, si 5GHz, na chagua chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajaijaza.

Umeme ukikatika rauta inakufa na simu yako nayo inanyamaza. Kuna UPS ndogo za rauta, yaani betri za akiba. Soma volti kwenye adapta yako kwanza, nyingi ni 12V, ukikosea utaiunguza. Na M-Pesa ya *334# msiitegemee kupita kwa Wi-Fi: simu nyingi huitafutia mnara.

Sasa wauzaji. Tatizo kubwa la mji huu ni lile neno "ukifungua umenunua". Unatakiwa ulipe kwanza, ukate utepe, halafu ndipo uijue simu yako. Hakuna anayenunua kanga bila kuikunjua, kwa nini simu iwe tofauti? Bei tayari ina VAT ya asilimia 16, na tangu 2022 simu za kutoka nje zina ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 juu yake. Mnunuzi amebeba yote hayo, na bado ananyimwa dakika kumi za kujaribu. Kisha anapewa dhamana ya wiki moja ya duka, kwa simu iliyopaswa kuwa na ya mwaka.

Lipa mdogo mdogo nayo ipigieni hesabu kabla ya kuweka sahihi. Amana ya 3,000 na shilingi 60 kila siku kwa siku 365 ni 24,900. Simu yenyewe taslimu pengine haifiki 15,000. Na ukigundua swichi haipo, huirudishi kirahisi, kwa kuwa deni linaendelea na ukichelewa siku moja wanaifunga.

Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, ila maneno ya kaunta hayaachi alama. Basi bonyeza *#06#, upate IMEI (namba ya utambulisho wa simu) ya tarakimu 15, ilinganishe na ya boksini, na umwambie muuzaji aiandike kwenye risiti pamoja na maneno haya: "VoWiFi imejaribiwa kwa laini ya mteja." Asiyetaka kuyaandika, usimwachie pesa zako.