Casio fx-991ES PLUS kwa wanaosoma kompyuta: ipo vizuri kwa baineri

Nimeitumia hii kalkuleta semista nzima kwa kubadili namba za desimali (zile za kawaida) kwenda baineri (namba za 0 na 1 tu) na kwa kweli naipenda sana. Unabonyeza MODE halafu 4 unaingia BASE-N, yaani sehemu ya mifumo ya namba, andika 156, bonyeza alama ya sawasawa, kisha kitufe cha log ambacho juu yake kimeandikwa BIN, inakuletea 0000000010011100. Zile sifuri za mbele zisikuchanganye, inajaza tu nafasi 16, jibu lako ni 10011100.

Ila jamani msiinunue mkadhani itawafundisha, maana haionyeshi njia na mwalimu anataka njia. Mi nafanya kwa mkono kwanza, nagawa kwa 2 naandika baki: 156 inatoa 78 baki 0, 39 baki 0, 19 baki 1, 9 baki 1, 4 baki 1, 2 baki 0, 1 baki 0, mwisho 0 baki 1, afu nasoma mabaki kutoka chini kwenda juu, hapo ndo wengi wanakosea wanasoma kutoka juu. Nikimaliza ndo nahakiki na kalkuleta.

Kitu kingine, kwenye baineri mwisho wake ni 32767, ukipita hapo inaandika Math ERROR, sio mbovu, ni biti 16 tu, yaani nafasi 16 za 0 na 1. Kwa namba kubwa tumia kompyuta. Na fx-82MS, kalkuleta nyingine ya Casio, haina BASE-N kabisa, so angalia vizuri kabla hujalipa.